Namna ya Kuchagua Risasi ya Nyati Bila Kumponza Mwenzako Kichakani

Anza na mtu, si na duka. Kabla hujauliza bei ya risasi hata moja, mtafute yule atakayetangulia mbele yako siku mnyama akijeruhiwa: mfuatilia nyayo, anayeokota jani lenye tone la damu, akalichunguza rangi, kisha akanyoosha kidole kuelekea kichaka ambacho wewe usingekisogelea hata ukiwa ndani ya gari. Mkalishe, mnunulie chai na chapati mbili, umuulize angependa uingie porini na risasi gani. Jibu lake lipe uzito kuliko la muuzaji, na kuliko la shemeji yako ambaye nyati pekee aliyewahi kumkaribia ni yule wa kwenye noti ya zamani ya shilingi mia tano.

Nina sababu ya kusisitiza. Risasi mbaya mara nyingi haimgharimu aliyeinunua. Mwenye bunduki anafyatua, nyati anaondoka na maumivu yake, na wa kwanza kuingia kichakani ni mfuatilia nyayo, macho chini, mkononi fimbo. Nyuma yake mwindaji bingwa na bunduki yake. Aliyeleta risasi za bei poa anafuata wa mwisho, au ameambiwa abaki kwenye gari asije akampiga mtu. Mlipaji mwingine ni mnyama mwenyewe, anayeweza kutembea usiku kucha na risasi iliyovunjikia kwenye bega. Mwongozo huu nimeuandika kwa faida ya hao wawili. Wewe mwenye bunduki utafaidika pia, lakini kwa bahati tu.

Watu wa pwani wakisikia Mbeya na Iringa wanawaza baridi, viazi na mashamba ya chai. Sawa, lakini shuka kutoka Iringa mjini, iliyo juu ya mita 1,500, uende Idodi na Pawaga, au toka Mbeya upite Chunya kuelekea Lukwati na Piti: unaingia kwenye miombo na joto linalokausha midomo. Katikati ya ukanda huo iko Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, iliyoanzishwa mwaka 1964, ambako uwindaji ni marufuku. Kuizunguka kuna mapori ya akiba ya upande wa Rungwa, vitalu vya uwindaji, na eneo la wanavijiji liitwalo MBOMIPA, yaani Matumizi Bora ya Malihai Idodi na Pawaga. Huko ndiko nyati wanakopatikana kihalali, kuanzia Julai msimu wa uwindaji wa kitalii unapofunguliwa.

Makaratasi nayapita haraka kwa kuwa hayana mjadala. Bunduki na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Uwindaji unasimamiwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na leseni zake ziko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Kwa wanyama hatari, yaani tembo, nyati, simba na kiboko, kaliba ya chini kabisa ni .375. Kama una .30-06 uliyorithi kwa babu, itunze vizuri, nenda nayo kwa swala pala na ngiri, na nyati mwache na shughuli zake.

Sasa, vijiwe vingi vya wawindaji huishia hapo kwenye kaliba. Utakuta wazee wanabishana jioni nzima: huyu anaapa kwa .375 H&H Magnum, iliyotoka London mwaka 1912; huyu anaitetea .416 Rigby, iliyotangulia kwa mwaka mmoja. Wa tatu, ambaye bega lake limeshazoea kipigo, hataki kusikia kitu kingine zaidi ya .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956 yenye kichwa cha greni 500, sawa na gramu 32 na ushee. Waache wabishane. Wote watatu wanaweza kuua nyati vizuri, na wote watatu wanaweza kumharibu. Kinachoamua ni kile kichwa cha risasi kinafanya nini kikishafika, na hilo halisomeki kwenye kipenyo cha mtutu.

Ukitaka kulielewa, acha duka la silaha nenda buchani. Ninasema kweli. Mwombe mchinjaji akuonyeshe bega la ng'ombe mkubwa, uone mfupa ulivyolala, mbavu zilivyo, na moyo ulivyo chini kuliko ulivyodhani, karibu na kidari, katikati ya miguu ya mbele. Kisha ujue kwamba nyati dume huweza kufika kilo 700 au zaidi, ngozi yake ya shingoni na mabegani ni nene kuliko ya ng'ombe yeyote uliyemla, na mbavu zake ni pana na zimekaribiana mno. Tumbo lake, akiwa ameshiba, limejaa majani yaliyoloa, na majani yaliyoloa husimamisha kichwa cha risasi upesi kuliko wengi wanavyofikiri. Mtu anayempiga nyati kutokea nyuma kwa pembeni, akitegemea risasi ipite tumboni hadi kifuani, anaomba kazi ambayo risasi nyingi haziwezi.

Kwa lugha ya kambini vichwa ni vya aina mbili, sofuti na solidi. Sofuti ina gamba la shaba lililofunika kiini cha madini ya risasi, na ncha yake imeachwa wazi. Ikiingia mwilini ncha hufumbuka kama uyoga wa miombo baada ya mvua za kwanza, ikapanuka hadi karibu mara mbili ya upana wake, na kukata njia pana kwenye mapafu na mishipa. Solidi haifumbuki. Imetengenezwa ipite, na hupita: mfupa, misuli, mfupa tena, pengine ikatokea upande wa pili ikiwa bado na nguvu.

Mwindaji mgeni akisikia hivyo huamua papo hapo kununua solidi tupu. Tulia kwanza. Nyati hukaa kundini. Solidi ikimpita dume uliyemlenga itamkuta jike aliyesimama nyuma yake, na huyo hakuna aliyemwona akipigwa. Mtamfurahia dume aliyelala, mtapiga picha, mtaondoka, na jike atafia mbali, peke yake, pasipo mtu kumfuata. Kwa hiyo desturi ya wawindaji wengi makini ni hii: risasi ya kwanza, mnyama akiwa ametulia na umelenga bega, iwe sofuti ngumu, ile inayofumbuka lakini haivunjiki. Zinazofuata, nyati akiwa anakimbia kwa kukupa mgongo au anakuja, ziwe solidi.

Hayo maneno mawili, sofuti ngumu, ndiyo yanayostahili pesa yako. Siyo kila sofuti ni ngumu. Zipo zilizotengenezwa kwa ajili ya paa na kulungu wa Ulaya, zenye gamba jembamba linalofumuka likigusa tu ngozi. Zikipigwa kwa kasi kubwa na kwa karibu, huvunjikia juu ya bega na kuacha kidonda kipana cha kutisha, kisicho na kina. Ukikiona unadhani mnyama hafiki mbali. Anafika.

Mmarekani John Nosler alilipata somo hilo mwaka 1946 akiwinda British Columbia, Kanada. Alimpiga kulungu mkubwa wa huko, aitwaye moose, aliyekuwa amepakaa matope mwilini, na risasi zake za kasi zikawa zinasambaratika kabla hazijafika ndani. Alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: nusu ya mbele inafumbuka, nusu ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Alianza kukiuza mwaka 1948, na hadi leo wazo lake limo ndani ya vichwa vingi vizuri, sambamba na vile ambavyo gamba na kiini vimeunganishwa kwa moto visiachane. Nikimfikiria nyati wa Usangu anayetoka kinamasi cha Ihefu na vidole kadhaa vya tope lililokaukia mabegani, naona mwindaji wa Mbarali ana sababu kubwa zaidi ya kumsikiliza Nosler kuliko huyo wa Kanada.

Mwongozo wa haraka wa dukani, basi. Kwa .375 chukua kichwa kizito, greni 300, karibu gramu 19.4, kinachotoka mtutuni kwa takriban mita 770 kwa sekunde. Usishawishiwe na kilicho chepesi kwa sababu eti kina mbio zaidi. Kwenye miombo utapiga mita 40, pengine 80. Mbio za ziada hazina pa kwenda isipokuwa kuvunja kichwa chako mwenyewe. Kichwa kirefu na kizito kwa unene wake ndicho kinachoshika njia. Na usinunue kwa picha ya mnyama iliyo juu ya pakiti, maana mchoraji hakuulizwa maoni yake kuhusu mbavu za nyati.

Hapa lazima kijiweni atokee mtu amtaje Bell. Walter Bell, Mskoti aliyebatizwa jina la Karamojo kutokana na Karamoja ya Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 mwanzoni mwa karne iliyopita, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu, yenye kichwa cha greni 173. Habari hiyo ni ya kweli, na wengi wanaitumia vibaya. Bell alitumia solidi ndefu ambayo haikupinda, na alipasua mafuvu ya tembo kwa msumeno kujua ubongo umekaa wapi kwa kila pembe ya kutazama. Anayetaka kumwiga aanze na msumeno. Akimaliza mafuvu kadhaa tutaongea, ingawa hata hapo sheria ya .375 haitamsubiri.

Kuna hadithi nyingine inayopendwa, kwamba risasi nene na ya taratibu hukata vijiti na kuendelea na safari yake. Haikati. Kijiti cha mlama au mninga mchanga, unene wa kidole gumba, kinaweza kuisogeza risasi yoyote, nene kwa nyembamba, na kadiri kilivyo mbali na mnyama ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Kwenye vichaka vyetu risasi sahihi kuliko zote ni ile uliyoiacha chemba hadi nyati aliposogea mahali peupe. Wafuatilia nyayo hupenda sana wawindaji wa namna hii na huwazungumzia vizuri jikoni.

Simba ni habari tofauti, na watu wa Njombe wanaijua kwa uchungu. Kuanzia miaka ya 1930 hadi mwaka 1947, simba wala watu waliitesa wilaya hiyo ya jimbo la zamani la Nyanda za Juu Kusini, na George Rushby, ofisa wa idara ya wanyamapori, aliyewawinda pamoja na askari wake, alikadiria waliouawa kuwa wengi kupita 1,000. Rushby mwenyewe aliona chanzo kimojawapo ni wanyama wa porini kuuawa kwa wingi ili kuzuia ugonjwa wa sotoka usienee, simba wakakosa chakula chao. Simba hana mfupa wa nyati. Ana kifua laini, na solidi inayompita bila kufumbuka inaweza kumwacha na nguvu za kutosha kukufikia. Kwake tumia sofuti inayofumbuka upesi, ya kaliba ileile ya kisheria. Tembo ni kinyume: solidi peke yake, na kiboko anayepigwa kichwani majini vilevile.

Suala la risasi ngapi ubebe linanikumbusha mapigano ya Lugalo. Tarehe 17 Agosti 1891, kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski kikiwa na bunduki za kisasa na mizinga kilivamiwa na Wahehe wa Mkwawa wenye mikuki, na askari wengi hawakuwahi kupiga zaidi ya risasi moja au mbili. Adui akishafika karibu, wingi wa risasi kwenye mabegi ya wapagazi hausaidii. Nyati akitoka kichakani mita 15 mbele yako, zipo zile zilizo ndani ya bunduki na labda muda wa kutumia moja. Ndiyo maana kila risasi utakayobeba uipitishe kwenye bunduki hiyohiyo kambini, mtutu ukiwa umeelekea pasipo na mtu: iingie magazini, ipande chemba, itoke. Inayokwama irudi nyumbani. Na sofuti na solidi zako uzipige kwenye karatasi kabla ya safari, uone kama zinafika mahali pamoja. Mara nyingi hazifiki, na ni heri ulijue hilo kwa karatasi.

Kuhusu utunzaji, hali ya hewa yetu ina mitego miwili. Mbeya ya Juni na Julai ni baridi na Pawaga ya Oktoba ni tanuru, na baruti iliyopata joto huongeza mgandamizo ndani ya bunduki. Risasi zilizoshinda kwenye dashibodi ya Land Cruiser juani zinaweza kulifanya ganda ling'ang'anie chemba wakati unapolihitaji litoke. Wenye mikanda ya ngozi nao, wanaopendeza mno kwenye picha, wasiache risasi humo msimu hadi msimu: dawa za kulainishia ngozi hula ganda, likaota ukungu wa kijani na kugoma kuingia. Kitambaa au boksi lake linatosha.

Sasa niseme jambo ambalo wawindaji wa hapa bado hawajalichukulia kwa uzito wake, nami nalichukulia kwa uzito wote. Sofuti yenye kiini cha madini ya risasi huacha chembe ndani ya nyama, nyingine ndogo kuliko punje ya chumvi, zikisambaa mbali na tundu lenyewe. Matumbo na mabaki yanayoachwa porini huliwa na tumbusi, na tumbusi akimeza chembe hizo, asidi ya tumbo lake huziyeyusha zikaingia damuni. Ruaha na mapori yanayoizunguka ni moja ya ngome kubwa za tumbusi zilizobaki Afrika Mashariki, nao tayari wanauawa kwa sumu za mizoga. Upande wa pili wa mzoga kuna sisi. Nyama ya nyati ikigawiwa kijijini, haiandikwi kwamba ilipigwa na nini, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha madini hayo mwilini kinachojulikana kuwa salama, hasa kwa mtoto. Vichwa vya shaba tupu vinavyofumbuka vimekuwapo tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Ni ghali, lakini havivunjiki hovyo na vinapita kwa kina. Gharama ya safari ya kitalii ya nyati inaweza kumeza tofauti hiyo bila kuisikia. Ningekuwa na uwezo ningevilazimisha kuanzia msimu ujao, na angalau nyama ya kuzunguka jeraha ikatwe kwa upana wa kiganja kila upande, itupwe shimoni ifukiwe.

Na gobore. Siwezi kuandika kuhusu risasi za wanyama wakubwa Chunya, Mbarali au Iringa Vijijini nikajifanya kwamba wote wanatumia .375. Wapo wanaoshindilia vipande vya nondo na gololi kwenye mtutu wa bomba. Kipande cha nondo hakina umbo la kuruka: hupinduka hewani, kikafika kwa ubavu, kikakaa chini ya ngozi. Nyati hafi kwa hicho. Anaishi nacho, anaoza nacho, na wiki ijayo anamkuta mama anayeokota kuni ambaye hakumkosea. Ule mtutu nao, ambao haukutengenezwa kuhimili chochote, unaweza kupasukia usoni mwa mpigaji. Ninajua wengi wanaoufuata mkondo huo wameliwa mpunga na tembo au mahindi na kiboko, na kifuta jasho kinachelewa. Hasira yao ni halali na ningependa ofisi zinazohusika ziharakishe. Ila gobore halilipi shamba. Mwite afisa wanyamapori, aje askari mwenye bunduki na risasi stahili, na polisi wanapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari, lipeleke.

Ukishapiga, jaza tena bunduki mara moja bila kuangalia ulichofanya. Kisha muulize mfuatilia nyayo anaona nini. Damu nyepesi yenye povu ni ya mapafu, hafiki mbali. Nyeusi nyeusi ni ya ini au msuli, subirini. Yenye majani yaliyosagwa ni ya tumbo, na siku yenu imekuwa ndefu. Hapo utakumbuka ile chai na chapati mbili, na utajua kama ulimsikiliza.

Nyati akishachunwa, omba kichwa cha risasi. Mara nyingi hukutwa chini ya ngozi ya upande wa pili, kimefumbuka. Kioshe, na mkipitia Chunya au Makongolosi mwone mnunuzi wa dhahabu, kwa sababu mizani yake inasoma hadi sehemu ya mia ya gramu. Mweleze mapema kwamba si dhahabu, asije akamwaga tindikali juu yake. Kikisoma gramu 17 au 18 kati ya zile 19.4, nunua hizo hizo mwakani. Kikisoma chini ya 13, andika jina la risasi hiyo kwenye daftari, upige mstari, na boksi lililobaki litumie kwenye karatasi.